Kiti cha Nyuma ya Darasa: Urithi wa Chuo cha Walimu cha Kahawa

Kila mwaka shule yetu ya upili, iliyoko Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hupokea walimu wanagenzi kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko mahali paitwapo Kahawa nje kidogo ya jiji, na kwa kuwa ninaongoza idara ya Kiswahili, wale wanaochukua Kiswahili na Historia, au Kiswahili na Dini, hukabidhiwa kwangu. Huja na barua ya chuo, faili mpya isiyo hata na alama ya kidole, na wasiwasi ambao hujaribu kuuficha kwa kucheka sana. Katika wiki yao ya kwanza, tunapokunywa chai ya saa nne katika chumba cha walimu, huwauliza kama wanajua chuo chao kilikuwa nini kabla hakijawa chuo. Wengi hawajui. Wanachokijua ni lango kubwa linalotazama Barabara Kuu ya Thika, hospitali ya rufaa, maktaba, na vyumba vya kupanga vya Kahawa Wendani. Zamani niliuliza swali hilo kwa mazoea tu ya mwalimu wa historia. Siku hizi naliona kuwa sehemu ya kazi yangu, kwa sababu mwanzo wa chuo kile unaeleza kitu ambacho ningependa waondoke nacho: kwamba mila iliyo kuu katika chuo cha walimu hutunzwa na mtu anayeketi kwenye kiti cha nyuma ya darasa, akamtazama mwenzake akifundisha, kisha akazungumza naye kwa haki.

Mimi mwenyewe nilijiunga na chuo hicho katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wakati ambapo mambo mengi yaliyowafurahisha waliotutangulia yalikuwa yamekwisha. Posho ya wanafunzi iliyoitwa «boom», ambayo kaka zetu walisimulia kama watu wanavyosimulia mvua ya zamani, ilikuwa imeondolewa. Badala yake kulikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na katika mes kila mtu alilipia alichokula. Nasimulia haya kupitia tu. Hata hivyo yana uzito wake, maana mwanafunzi mwenye njaa hajali sana ni nani aliyelala katika jengo lake miaka thelathini iliyopita, na sisi tulimaliza masomo bila kuelezwa vizuri tulikuwa tunasomea wapi.

Aliyenieleza ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya kwanza niliyofundisha, mzee aliyekuwa amebakisha miaka michache astaafu, ambaye aliwaita walimu wote wachanga «mwanangu» isipokuwa alipokasirika, ndipo alipowaita «mwalimu». Yeye alianza shahada yake mjini, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaimalizia Kahawa, na jambo hilo lilimfanya aijue historia ile kama anavyoijua mtu aliyehamishwa nyumba.

Mahali pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Iliitwa Templer Barracks, kwa jina la Gerald Templer, aliyeongoza majeshi ya nchi kavu ya Uingereza katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, vikosi vya Waingereza vilikuwa na takriban mwaka mmoja wa kufunga virago, na mwaka 1965 kambi ikakabidhiwa serikali mpya. Serikali ingeweza kuifanya makao ya chochote. Jeshi letu lina kambi yake hapo jirani hadi leo, kwa hiyo haikuwa vigumu kuyaongeza majengo hayo kwenye milki yake. Ila tatizo lililokuwa likiikaba koo nchi wakati huo lilikuwa walimu. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilikuwa imetoka kuichunguza hali ya shule na kupendekeza elimu ya taifa moja badala ya shule zilizotengwa kwa rangi. Wazazi vijijini walikuwa wakijenga shule za harambee kwa kasi iliyozidi uwezo wa serikali. Na walimu wengi wa shule za upili walikuwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Watoto walikuwapo, madarasa ya mawe na ya mabati yalikuwapo, na wa kusimama mbele ya ubao hayupo. Kambi ya askari ikawa Kenyatta College.

Haikuwa peke yake. Kando ya Barabara ya Ngong kilijengwa, kwa msaada wa Sweden, chuo cha walimu wa sayansi, na kule Kabete kulikuwa kumekuwa na Jeanes School tangu miaka ya 1920, iliyofundisha walimu wa kuzunguka vijijini kabla ya mahali pale kugeuzwa kuwa chuo cha watumishi wa serikali. Nairobi ina historia ndefu ya kulea walimu kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo ni Kahawa iliyokua hadi ikawa chuo kikuu, na ilikua kwa hatua ambazo mzee wangu alizitaja kwa vidole.

Mwanzoni chuo kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa shule yenyewe, yaani vijana wa kidato cha tano na cha sita, na upande wa pili ulikuwa walimu wa daraja la S1, waliosomeshwa ili wakafundishe shule za upili. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria iliyokifanya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikaitwa Kenyatta University College, na mwaka 1972 wakaingia wanafunzi 200 wa kwanza wa Shahada ya Elimu. Mwaka 1975 ule upande wa shule ukafungwa, wakabaki walimu watupu. Kisha mwaka 1978 Kitivo cha Elimu kikahamishwa kutoka mjini kwenda Kahawa, na kuanzia hapo palikuwa ndipo mahali pekee nchini ambapo mtu angesomea ualimu kuanzia shahada ya kwanza hadi za juu.

Mzee alilizungumzia hamisho hilo la 1978 kuliko jambo lingine lolote. Mjini, alisema, mwanafunzi wa ualimu aliketi pamoja na wanasheria na wahandisi watarajiwa, na usiku alikaa akiwaza kwa nini hakuchagua kuwa mmoja wao. Kahawa palikuwa mbali, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, barabara ilikuwa nyembamba, na gari la mwisho likikupita ulilala ulipo. Walinung'unika sana. Lakini kila aliyekuwa mbele yako katika foleni ya chakula alikuwa mwalimu mtarajiwa, na kila aliyekuwa nyuma yako vilevile. Watu walibishana mezani juu ya jinsi ya kumfundisha mtoto wa kidato cha kwanza ngeli asizichukie. Walisahihishana mwandiko. Hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu kwa kuitwa mwalimu, kwa kuwa wote walikuwa katika jahazi hilo.

Nilipomsikiliza ndipo nilipoelewa desturi moja niliyoikuta Kahawa, ambayo hakuna aliyewahi kutuambia imetoka wapi. Usiku, baada ya muda wa kujisomea, vyumba vya mihadhara vikiwa vimeachwa wazi, ungewakuta wanafunzi wawili watatu wakifanya mazoezi ya ubao. Mmoja huandika, wengine huketi mwisho wa chumba na kusema: mstari unapanda, herufi ndogo, umetuziba. Huko ndiko nilikojifunza kuugawa ubao sehemu tatu kabla ya kugusa chaki: upande wa kushoto tarehe, mada na msamiati mpya ambao haufutwi hadi kengele, katikati maelezo, kulia mifano inayoandikwa na kufutwa. Nilijifunza kuanza mstari kiwiko kikiwa chini ya bega, kisha kusogea hatua moja kila maneno manne au matano, ili mkono usinyooke na mstari usielekee dari. Nilijifunza kufuta kwa dasta kutoka juu kwenda chini, kwa sababu anayefuta kwa kuzungusha huwarushia vumbi walioketi mbele. Hakuna mhadhiri aliyetufundisha haya. Kila kundi liliyapata kwa lililotangulia, na ukifuata mnyororo huo kwenda nyuma utafika kwa wale walimu wa S1.

Kuhusu mila rasmi nitasema machache. Mahafali ya chuo yanapendeza: majoho, rungu la chuo likitangulia msafara, wazazi waliotoka mbali na usiku wakiwa wamebeba mashada na leso. Hadi mwaka 2002 Rais ndiye aliyekuwa chansela wa kila chuo kikuu cha umma, kwa hiyo siku ya mahafali ilikuwa pia siku ya askari, ving'ora na kusubiri juani. Rais Kibaki alipoingia aliyaachia majukumu hayo kwa watu wengine, na sherehe ikapumua. Lakini mahafali yapo katika kila chuo kikuu, na sidhani mtu anaweza kuijua Kahawa kwa kuyatazama. Kamukunji nazo, ile mikutano ya wanafunzi, au makomredi kama tulivyoitana, ya kujadili mgomo au chakula, zilikuwa sawa na za kwingine. Kilichokuwa chetu zaidi ni sanaa. Wiki ya utamaduni, ngoma na vyakula vya kila upande wa nchi, na michezo ya kuigiza katika ukumbi wa Harambee ilitupa walimu kitu ambacho shule zilikuwa zikikingoja. Mwalimu wa Kiswahili anayetoka Kahawa hufika shuleni leo, na kesho yake anaambiwa afunze kundi la ngonjera kwa ajili ya tamasha la drama, na mara nyingi huweza. Wahandisi wetu hawaombwi mambo kama hayo.

Sasa nirudi kwenye kiti cha nyuma.

Mazoezi ya kufundisha, ambayo kila mtu huyaita TP, huchukua muhula mmoja. Mwanagenzi hupewa vipindi, huandaa maazimio ya kazi ya muhula, andalio la kila somo na rekodi ya kazi iliyofanyika, vyote ndani ya faili moja ambayo lazima iwe mezani wakati wowote. Andalio lina safu za muda, shughuli za mwalimu na shughuli za wanafunzi, na juu yake huandikwa maneno ambayo yeyote aliyepitia ualimu Kenya anaweza kuyakariri akiwa usingizini: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze. Kisha, siku asiyoijua, mtathmini kutoka chuoni huingia na wanafunzi, husalimia kwa kichwa, na kuketi nyuma. Dakika 40 baadaye mnatoka pamoja.

Mtathmini ninayemkumbuka zaidi alikuwa mama wa makamo, si wa idara ya Kiswahili, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Somo lilikuwa la ufahamu katika kidato cha pili. Tulipotoka tuliketi kwenye benchi nyuma ya maabara, na kabla ya kuniambia alama yoyote alinipa karatasi tupu akasema, «Mwalimu, nichoree darasa lako. Kila dawati, na kila jina.» Nikachora. Akaniambia niweke nukta penye jina la kila mwanafunzi aliyesema neno katika kipindi kile, na nukta ya pili kama amesema mara mbili. Nilipomaliza alitoa karatasi yake, aliyokuwa ameichora yeye akiwa ameketi nyuma, na tukaziweka kando kwa kando. Zilifanana kwa sehemu kubwa. Nukta zote zilikuwa zimejazana katikati ya safu mbili za mbele, kwa umbo la yai, na pembe zote nne za darasa zilikuwa nyeupe.

Hakunilaumu, wala hakunisifu. Alisema ndivyo ilivyo katika karibu kila darasa analoingia, la walimu wapya na la wazee, kwa kuwa macho ya mwalimu huenda yanakopokewa. Akanifundisha mambo mawili ya kufanya: kulianza somo nikiwa nimesimama pembeni na si katikati, na kumwuliza wa pembeni swali ambalo jibu lake nimeshalisikia akimnong'onezea jirani yake. Nilipomwuliza alikojifunzia kuchora ramani ile, alisema ni papo hapo Kahawa, miaka ya 1960, alipokuwa mwanafunzi wa S1, na kwamba mkufunzi wake aliketi nyuma ya darasa lake mara nyingi kiasi kwamba watoto walimfikiria kuwa mwenzao mzee.

Kauli hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba kukua kwa chuo kuna bei yake. Sheria ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilitiwa saini tarehe 23 Agosti 1985, ikaanza kutumika Septemba 1, na chuo kikazinduliwa rasmi Desemba 17 mwaka huohuo, Profesa Peter Gacii akiwa naibu chansela wa kwanza. Ni mwaka ambao mfumo wa elimu wa 8-4-4, yaani miaka minane ya shule ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu, ulianza, na kwa mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za upili. Ghafla kila shule ilihitaji mwalimu wa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa kimefundishwa hadi wakati huo na yeyote aliyekuwa na nafasi. Sisi tulio katika somo hili tumezaliwa na mwaka huo. Nilipokuwa chuoni nilikutana wakati wa likizo za shule na wanafunzi wenye mvi, walimu walioajiriwa tayari, waliokuja Aprili, Agosti na Desemba kusomea shahada. Walijua zaidi yetu kuhusu darasa na walituuliza maswali ya sarufi bila aibu, nasi tukawauliza jinsi ya kunyamazisha darasa bila kupaza sauti.

Baada ya hapo chuo hakikuwa tena cha walimu peke yao. Zilikuja kozi za biashara, uhandisi, sheria na udaktari. Majengo yaliongezeka sana katika miaka ya Profesa Olive Mugenda, aliyeshika uongozi mwaka 2006 akiwa mwanamke wa kwanza kuwa naibu chansela wa chuo kikuu cha umma nchini. Siwezi kuyalalamikia hayo. Mtoto wa jirani yangu anasomea huko, na haendi kuwa mwalimu. Lakini idadi ya wanaopelekwa TP imekuwa kubwa mno kwa watathmini waliopo, na mtathmini mwenye shule nne za kufika kwa siku moja, kutoka Dandora hadi Kawangware, hana muda wa benchi nyuma ya maabara. Hujaza fomu, hutia saini, hukimbilia matatu. Nimeshuhudia tathmini iliyokwisha mwanagenzi angali anafuta ubao.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo sisi walimu wa shule tunapoingia, tupende tusipende. Nilihitimu wakati ambapo serikali ilikuwa imeacha kuwaajiri wahitimu wa ualimu moja kwa moja. Waliotutangulia walijua kwamba baada ya mahafali kuna barua ya Tume ya Huduma kwa Walimu inayowangoja. Sisi tulizunguka na faili. Niliajiriwa na bodi ya shule, kwa mshahara ambao haukufika mwisho wa mwezi, na yule naibu wa mwalimu mkuu aliniajiri kwa kuifungua faili yangu ya TP na kuzisoma karatasi zile mbili zenye nukta. Aliuliza zilikuwa nini. Wiki iliyofuata aliingia darasani mwangu bila kubisha na kuketi nyuma, na aliendelea kufanya hivyo hadi alipostaafu. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo. Alikuwa anaendeleza tu alivyofanyiwa.

Wanagenzi wa siku hizi wana mambo ambayo sisi hatukuwa nayo. Maazimio ya kazi huyapata yakiwa tayari kwenye intaneti, huyachapisha kwa nusu saa, na sioni ubaya wowote, mradi wayasome kabla ya kuyafuata. Mtaala wa umilisi, uliokuja kuchukua nafasi ya 8-4-4, umebadilisha maneno ya andalio na kuongeza ya kwake. Simu hurekodi kipindi chote, hata mtu anaweza kujitazama jioni. Ila simu iliyosimamishwa nyuma ya darasa huona migongo ya watoto na uso wa mwalimu, basi. Haimjui aliyefungua kinywa akakifunga. Kwa hiyo katika idara yetu tumekubaliana kwamba kila mwanagenzi ataketiwa na mmoja wetu mara moja kwa wiki, na kila mara ramani mbili zitachorwa, yake na yetu, na zitaingia katika faili.

Muhula uliopita mmoja wao alipinga. Alisema, kwa adabu, kwamba fomu ya chuo haina mahali pa karatasi hiyo na aliogopa ingeonekana kama uchafu. Nilimwambia aiambatishe nyuma ya andalio, na lawama ikitokea aniite. Mtathmini alipokuja, kijana mwembamba mwenye haraka zake, aliifunua faili, akafika kwenye ramani, akauliza ni nini. Akaelezwa. Alisema yeye alisomea ualimu katika chuo kingine, na kwamba huko walifunzwa kuhesabu maswali na aina zake wala si waliojibu, na kwamba njia yao ni bora, kwa sababu swali baya likiulizwa pembe zote nne za darasa bado ni swali baya. Nilimjibu kwamba swali zuri lisilomfikia mtoto nalo halina kazi. Alisahau haraka yake. Tulibishana hadi kengele ya kipindi cha nane, mwanagenzi akiwa katikati yetu anaandika.